Maswali ya Wasomaji: Programu Zinachelewa Kufunguka Dukani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka dogo la steshenari Sinza, ambako nachapa barua, natoa kopi na kuskani vyeti vya wateja. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, yenye Windows 10 na kumbukumbu (RAM) ya GB 8. Kila mteja anapokuja na flashi yake, nahangaika kutafuta Word, Excel au programu ya skana kati ya ikoni zilizojaa kwenye skrini, na hata nikishabofya, programu inachelewa kufunguka. Fundi mmoja aliniwekea programu mbili za kusafisha kompyuta, kisha akafuta mafaili yote ya folda ya Prefetch akidai ndiyo yanayoipa mashine uzito. Sijaona nafuu. Je, ninaweza kuupanga mfumo wenyewe ili programu zifunguke haraka? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, una matatizo mawili yaliyochanganyika: muda unaoutumia wewe kuifikia programu, na muda ambao diski inautumia kuisoma. La kwanza unaweza kulimaliza leo bila gharama yoyote, ilhali la pili mipangilio italipunguza tu.

Kwanza tumalizane na kazi ya fundi. Folda ya Prefetch imekuwamo ndani ya Windows tangu toleo la XP la mwaka 2001, na kazi yake ni kuweka orodha ya mafaili ambayo kila programu huyasoma katika sekunde kumi za mwanzo inapofunguliwa, ili safari inayofuata mfumo uyavute mapema na kwa mpangilio mzuri. Anayeifuta anaunyima mfumo msaada huo, na kila programu itafunguka taratibu zaidi hadi orodha hiyo ijiandike upya. Usikubali ifutwe tena. Programu za kusafisha nazo ziondoe, kwa sababu nyingi za aina hiyo hujiwasha pamoja na kompyuta na kukaa zikitumia kumbukumbu na diski ileile unayotaka ipumue.

Baada ya hapo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha nenda palipoandikwa Startup. Utaona orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha mashine, na mbele ya kila moja kipimo cha uzito wake. Zenye alama ya High ni zile zinazotumia zaidi ya sekunde moja ya kichakataji au kusoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Zima usizozihitaji asubuhi, kama vile programu za mazungumzo, za muziki na za kutafuta masasisho ya printa. Kinga ya virusi usiiguse, na ile ya skana iache ikiwa una mazoea ya kubonyeza kitufe kilichopo kwenye skana yenyewe.

Sasa tuje kwenye mkono wako. Ibandike Word kwenye upau wa chini wa skrini ikiwa ya kwanza kushoto, Excel ya pili na skana ya tatu. Kuanzia hapo, kitufe cha Windows pamoja na 1 kitafungua Word, pamoja na 2 kitafungua Excel, na hivyo hivyo hadi 9. Kama Word tayari imefunguliwa, vitufe hivyo vitakurudisha kwenye dirisha lake badala ya kufungua jingine, jambo linalosaidia sana mteja anapokatiza kazi ya mwenzake. Kwa programu unazozihitaji mara chache, bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi mbili tatu za mwanzo wa jina lake, kisha Enter. Ukizoea hivyo, zile ikoni zote za kwenye skrini unaweza kuziondoa.

Ipo pia njia ya kuipa ikoni vitufe vyake. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, nenda kwenye nafasi ya Shortcut key na ubonyeze herufi moja. Mfumo utaongeza Ctrl na Alt wenyewe. Ikoni hiyo lazima ibaki kwenye skrini au kwenye menyu ya kuanzia. Usichague C, kwa maana ndani ya Word vitufe hivyo tayari huandika alama ya hakimiliki.

Kama unataka Word ikukute tayari imefunguka asubuhi, bonyeza Windows na R, andika shell:startup, kisha nakili ikoni yake ndani ya folda itakayofunguka. Ningekushauri uishie kwenye moja au mbili, kwani diski ya kuzunguka ikipewa programu tano kwa mpigo huwa kama wewe kaunta ukizungukwa na wateja watano, kila mmoja akitaka ahudumiwe kwanza. Mchana usiizime kompyuta, ilaze tu (Sleep). Programu iliyokwisha kufunguliwa hubakiza sehemu kubwa ya mafaili yake kwenye kumbukumbu hata ukiifunga, ndiyo maana safari ya pili huwa nyepesi. Umeme ukikatika ghafla yote hayo hupotea, na pia Windows hukosa nafasi ya kuhifadhi hali inayoiwezesha kuwaka haraka, kwa hiyo UPS ndogo (kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) itakusaidia hata kwenye suala hili la kasi.

Linabaki suala la diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 hivi kila inapotafuta kipande cha faili, mbali na muda wa kichwa chake kusogea, na Word husoma vipande vingi sana inapofunguka. SSD, yaani diski ya kielektroniki, haina kinachozunguka. Ukipata fedha, nunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya GB 240 katika maduka ya Kariakoo na umwambie fundi ahamishie mfumo wote huko. Hakuna mpangilio utakaoleta tofauti kubwa kuliko hiyo.

SWALI: Laptop yangu ina Windows 10 na kumbukumbu ya GB 4. Nikiweka Windows 11, programu zitafunguka haraka zaidi? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Hapana. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na zaidi ya hapo inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo laptop nyingi za zamani hazina. Sababu ya kuhama ni usalama, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka kasi, anza kwa kuongeza kumbukumbu ifike GB 8, lakini kabla ya kulipa hakikisha kwamba laptop yako ina nafasi ya kuiongezea, kwa sababu baadhi hutoka kiwandani zikiwa na kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao.