Maswali na majibu: Kusoma Kiingereza kwa vikundi chuoni

Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu kina watu tisa. Mmoja husoma kwa sauti, wengine tunasikiliza, kisha tunapiga picha muhtasari wake. Mbona mtihani ukija kifungu kinatushinda? (Mwaka wa kwanza, Mbeya)

Marahaba. Hapo anayesoma ni mmoja tu. Gawanyikeni wanne wanne au watano, kila mmoja awe na nakala yake, kisha mtumie mbinu nne ambazo watafiti wa elimu Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani walizieleza mwaka 1984: kubashiri kitakachofuata, kufafanua palipokwamisha, kutunga maswali na kufupisha. Kila mtu apewe jukumu, na aya ikiisha majukumu yazunguke. Usidharau jukumu la kuuliza. Niliwahi kuketi kwenye kimbweta na wanafunzi wanne, asubuhi ya baridi ya Julai, wakisoma kifungu chenye sentensi "It hardly rained that year." Wote wanne walikubaliana kwamba mvua ilinyesha sana, kwa kuwa neno "hard" walilijua tangu sekondari. Mwenye zamu ya kuuliza akasema, "Kama ilinyesha sana, mbona aya ya pili inasema mahindi yalikauka?" Wakarudi kwenye sentensi ile, wakafungua kamusi, wakakuta kwamba "hardly" ni karibu na kusema haikunyesha. Bila swali lile wangeondoka wameridhika na kosa lao, na kikundi kilichokubaliana juu ya kosa ni kigumu kukirekebisha kuliko msomaji mmoja.

Je, ni kosa kujadili kifungu cha Kiingereza kwa Kiswahili? Wenzetu wanatucheka. (Iringa)

Si kosa, na ninasikitika kwamba mnachekwa. Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Fikra zenu bado zinapita kwenye lugha ile ya kwanza. Atakayeweza kueleza aya kwa Kiswahili chake, si kwa kutafsiri neno kwa neno, huyo ameielewa. Sharti langu ni moja: kifungu kisomwe kwa Kiingereza, na muhtasari wa mwisho uandikwe kwa Kiingereza, kila mtu kwenye daftari lake. Mkiishia kwenye Kiswahili mtakuwa mmeelewa mada, lakini lugha mliyokuja kujifunza itabaki pale pale.

Tutafute kila neno gumu kwenye kamusi? (Njombe)

Hapana. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe vizuri bila msaada; yaani katika kifungu cha maneno 300, mageni yasizidi sita hivi. Kila mmoja apigie mstari maneno mageni peke yake kabla ya kukutana. Yakifika ishirini, chagueni kifungu chepesi zaidi bila kuona aibu.

Mwenzetu mmoja aliyesoma shule za Kiingereza anajibu kila kitu, sisi tunanyamaza. Tufanyeje? (Mbeya)

Msimfukuze. Gawanyeni makala ndefu vipande vinne, kila mtu apewe kipande chake tu na awafundishe wenzake, kama mwanasaikolojia Elliot Aronson alivyoanza kufanya katika shule za Austin, Texas, mwaka 1971. Kipande ambacho hakukisoma, itambidi akusikilize wewe.