Magadi ya mboga si ya keki

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya bekari, kabla ya kujifunza kupamba keki, jueni kwanza kilichomo ndani ya kopo.

Mimi nimekulia Kakamega. Kwetu mrenda na kunde zilitiwa munyu musherekha, yaani maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe, au magadi ya donge kutoka sokoni. Mboga zililainika upesi. Basi nilipoajiriwa Nakuru, siku moja beking soda ikaisha, nikaponda magadi nikayatia kwenye unga wa kwini keki. Trei nzima ilitoka na madoa ya manjano, na ukiuma unahisi sabuni ulimini. Mwenye bekari hakunigombeza. Alivunja moja, akaninusisha, akasema: "Haya ni ya mboga, mwanangu. Keki inataka soda, na soda inataka kitu kichachu."

Magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja, nayo kaboneti ni kali mno kwa keki. Beking soda ni bikaboneti peke yake. Ikikutana na maziwa lala au maji ya limau hutoa kaboni dayoksaidi papo hapo, na viputo hivyo ndivyo vinavyoinua unga. Kwa hiyo ukishachanganya, usikawie kutia ovenini. Kikombe kimoja cha maziwa lala kinatosha nusu kijiko cha chai cha soda. Ukizidisha, ile iliyobaki itageuzwa na moto kuwa kaboneti, na sabuni itarudi.

Beking poda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga wa kuzuia unyevu. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, aliitengeneza yake mwaka 1843 kwa sababu mkewe alidhurika na hamira. Naipenda sana habari hiyo: mtu alitaka tu mkewe ale mkate.

Kopo la beking poda likikaa sana, tia kijiko cha poda hiyo kwenye maji ya moto. Isipotoa povu la nguvu, tupa. Soda ijaribu kwa siki.

Na ukitoka Kisumu na vipimo vyako, punguza beking poda kidogo ukifika Nakuru. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Huku kanieneo ya hewa ni ndogo, viputo hutanuka zaidi, keki ikapanda mbio kisha ikabonyea katikati kabla haijaiva.