Ganzi ya mikono inaporudi: kwa sisi tunaosukuma viti mwendo

Mtu anayetembea kwa miguu akipata ganzi ya mikono huambiwa aupumzishe mkono. Aache kufua kwa muda, asishike jembe, ndoo abebewe na watoto. Sisi wa kiti mwendo tukipewa ushauri huohuo tunarudi nyumbani tukijiuliza tutafikaje chooni. Mikono ndiyo inayotutoa kitandani, ndiyo inayozungusha magurudumu, ndiyo inayotunyanyua ili makalio yasipate vidonda. Nimeishi na ganzi hii kwa miaka mingi hapa Moshi. Inakuja, inatulia, inarudi. Na inarudi kwa sababu mzigo ulioileta bado upo palepale. Dawa ina nafasi yake, sindano ina nafasi yake, hata kisu kina nafasi yake, lakini mimi nakushauri uanze na mzigo.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba: chini na pembeni imezungukwa na vifupa, juu imefunikwa na utepe mgumu usiotanuka. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, au kifundo kikikunjwa sana mbele au nyuma, nafasi hupungua na mshipa hubanwa. Hospitali wanaita kapali taneli. Mshipa huo unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, kwa hiyo ganzi na kuchomachoma hukaa hapo, na usiku huzidi mpaka unaamka kuukung'uta mkono. Kikiwa kidole cha mwisho ndicho kinachokufa ganzi, huo ni mshipa mwingine, unaobanwa kwenye kiwiko au chini ya kiganja, mwambie daktari hivyo.

Wenzangu mlioumia uti wa mgongo, naomba msome sehemu hii kwa makini. Ganzi mpya mikononi isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni kifundo. Kuna watu ambao, hata miaka mingi baada ya ajali, hupata kifuko cha maji ndani ya uti wa mgongo kinachopanda taratibu. Ukiona ganzi inapanda mkononi hadi begani, hausikii vizuri moto na baridi, maumivu yanazidi ukikohoa, au nguvu zinapungua haraka, nenda hospitali kubwa upigwe picha. Pima na sukari pia, maana kisukari huharibu mishipa hiyohiyo. Tezi ya shingoni nayo ikifanya kazi pungufu inaweza kuleta ganzi ya aina hii.

Tafiti zilizofanywa Marekani kwa watu waliopooza miguu zimekuta mshipa huu umebanwa kwa karibu nusu yao, nyingine zaidi ya nusu, na kadiri mtu anavyokaa miaka mingi kwenye kiti ndivyo hali inavyozidi. Ninalisema hili kwa sababu wengi wetu tunadhani ni udhaifu wetu binafsi. Kifundo hakikuumbwa kubeba mwili mzima, na kwetu kinaubeba kila siku.

Sasa mzigo wenyewe. Ulio mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule tuliofundishwa wodini: kujinyanyua kwa viganja juu ya kiti ili kupumzisha makalio. Uzito wote wa mwili unashuka kwenye kifundo kilichokunjwa nyuma kabisa, na shinikizo ndani ya ile njia nyembamba hupanda sana. Tena faida yake ni ndogo kuliko tunavyodhani, kwa sababu ngozi iliyobanwa inahitaji karibu dakika 2 ili damu irudi vizuri, na hakuna mtu anayeweza kuning'inia juu ya mikono yake kwa dakika 2. Mimi nainama. Nafunga breki, nahakikisha magurudumu madogo ya mbele yameelekea mbele ili kiti kisipinduke, naweka viwiko juu ya magoti na kukilaza kifua juu ya mapaja. Nikiwa dukani nainamia kaunta. Nikiwa na wateja naegemea upande mmoja, kiwiko kikiwa juu ya meza, mpaka kalio la upande wa pili liwe jepesi, kisha nageuka. Hakuna anayegundua, na kifundo hakibebi chochote. Kama uliumia juu, karibu na shingo, na huna nguvu ya kujirudisha, fanya hivi mtu akiwa karibu, au uwe na meza nzito mbele yako. Lakini tafadhali usiache kabisa kupumzisha makalio kwa kuogopa ganzi. Kidonda cha mgandamizo kinaua watu.

Mzigo wa pili ni kuhama: kitandani kwenda kwenye kiti, kiti kwenda bafuni, kiti kwenda kwenye gari. Kila unapohama kwenda juu, mikono inalipa. Seremala akikata miguu ya kitanda mpaka godoro likiwa na mtu juu yake lilingane na kiti, umepunguza kazi ya kila asubuhi na kila usiku kwa gharama ndogo sana. Bafuni weka kiti cha plastiki imara chenye urefu wa kiti mwendo badala ya kigoda. Mkekani ndiko kugumu zaidi. Kupanda kutoka sakafuni hadi kwenye kiti ni kazi nzito kuliko zote, kwa hiyo siku ganzi ikiwa kali mimi nakula juu ya kiti na wenyeji wangu wananielewa. Ubao laini wa kuhamia, uliopigwa msasa vizuri usichubue ngozi, unasaidia. Na angalia unavyoweka mkono: usibandike kiganja bapa kifundo kikiwa kimekunjika nyuma. Shika ukingo wa kitanda vidole vikining'inia chini, au kwenye godoro gumu tumia ngumi, kifundo kibaki kimenyooka. Badilisha pia mkono unaotangulia, usiwe uleule siku zote.

Kiti chenyewe sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu viti vingi tunavyopewa huku ni vya msaada, vizito, vya kumpeleka mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Havikutengenezwa kwa mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo ulieleza wazi kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, na afundishwe kukitumia. Una haki ya kuomba hayo hata kama kiti umepewa bure. Hapa Moshi tuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, ambacho kimefundisha mafundi wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Popote ulipo, uliza kitengo cha viungo bandia au fizio (tiba ya mazoezi) kwenye hospitali ya rufaa, usiishie kwa aliyekugawia kiti.

Ukikaa, acha mikono ining'inie pembeni. Ncha ya kidole cha kati inapaswa kufika karibu na katikati ya gurudumu kubwa, pale kwenye ekseli. Kisha weka mkono juu kabisa ya ringi ya kusukumia: kiwiko kiwe kimekunjika kati ya nyuzi 100 na 120, yaani kimefunguka kupita pembe mraba kidogo. Ukiwa umekaa juu sana unaifikia ringi kidogo tu na unasukuma kwa misukumo mifupi mingi. Ukiwa chini sana mabega yanapanda na vifundo vinakunjika. Usitatue urefu kwa kuondoa mto wa kukalia, mto ni wa ngozi yako.

Ekseli ikisogezwa mbele kidogo, uzito wako unahamia kwenye magurudumu makubwa na yale madogo hayazami kwenye vumbi. Kiti kinakuwa chepesi mno kusukuma. Hatari yake ni kuanguka chali, kwa hiyo sogeza tundu moja kwa wakati, mtu akiwa amesimama nyuma yako, na jaribu kwenye mwinuko kabla hujakubali. Waliokatwa miguu wasifanye hivi bila mtaalamu, kwa sababu hawana uzito wa miguu wa kuwazuia mbele, kwao ekseli inatakiwa irudi nyuma zaidi.

Upepo! Tairi iliyolegea inakula mkono kuliko mlima. Viti vingi vyenye tairi za upepo vinatumia saizi za baiskeli, inchi 24 au 26, na fundi baiskeli yeyote ana pampu. Mwombe pia asafishe nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye magurudumu madogo na aangalie beringi.

Kuhusu kusukuma: anza nyuma kidogo ya kilele cha ringi, fuatana nayo mbele kwa msukumo mmoja mrefu usio wa ghafla, kisha achia mkono ushuke chini ya ringi na urudi nyuma kwa kupitia huko chini. Usiupitishe mkono juu. Misukumo inakuwa michache na kifundo hakikunjwikunjwi. Ringi ya chuma inayoteleza inakulazimisha kuibana kwa nguvu, na kubana ndiko kunakouchosha mshipa. Kuzungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli kunasaidia kushika bila kubana, ila ukiteremka mlima mpira huo unaunguza viganja, kwa hiyo vaa glovu za ngozi. Kwa safari za mbali natumia baiskeli ya miguu mitatu ya kukanyagia kwa mikono. Mpini unaushika kifundo kikiwa kimenyooka, na kwangu tofauti ni kubwa sana.

Kuna mizigo ambayo hatuwezi kuipunguza peke yetu. Njia ya mteremko ya kupandia viti mwendo iliyojengwa kwa mwinuko mkali mbele ya benki au ofisi ya kata inapiga vifundo vya kila anayeipanda. Kipimo kinachofahamika na wajenzi ni 1 kwa 12: mlango ukiwa juu kwa sentimita 10, mteremko uwe na urefu wa sentimita 120. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mjenzi akimwaga zege karibu na kwako, mwambie hicho kipimo kabla zege halijakauka.

Ganzi ikiwa imerudi tayari, usiku vaa splinti, kile kifaa cha kukishikilia kifundo kisikunjike. Chunguza umbo lake kwanza, kwa sababu nyingi za dukani zina kipande cha bati ndani kinachokunja kifundo nyuma. Kitoe, kinyooshe, kirudishe. Kifundo kinatakiwa kilale kimenyooka kabisa. Usiikaze, na asubuhi kagua ngozi, hasa kama mkono hausikii vizuri. Mchana mimi siivai nikisukuma, kwa sababu mzigo unahamia kiwiko na bega, na bega nalo nalihitaji. Zile diklofenaki, dawa za maumivu za duka la dawa, sizipendi. Hazifungui ile njia iliyobana, na zikizoeleka zinaumiza tumbo na figo, wakati wengi wetu tayari tuna kibofu chenye matatizo na figo za kulindwa. Sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) kwenye kifundo hutuliza kwa wiki au miezi, na kama una kisukari jua kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku chache. Itumie nafasi hiyo ya utulivu kurekebisha kitanda na kiti. Ukirudia maisha yaleyale, itarudi.

Upasuaji usiuogope, wala usiuchelewe. Ile nyama nene chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, au ukianza kudondosha vikombe, mshipa unakufa, na nyama iliyokwisha mara nyingi hairudi yote. Daktari anakata ule utepe mgumu ili njia ipanuke, kwa kawaida kwa sindano ya kuufisha ganzi mkono tu bila kulazwa usingizi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila mwambie waziwazi kwamba unahama na kutembea kwa mikono. Wapo wanaotoa ruhusa ya "kazi nyepesi" wakimfikiria mtu mwenye miguu. Fanya mkono mmoja kwanza. Kwa wiki kadhaa usiubebeshe uzito wa mwili, na kabla hujakubali tarehe, kaa na familia mpange nani atakuhamisha usiku wa manane, nani atakusaidia choo, na duka litafunguliwa na nani.

Kwa hiyo anza sasa kuwafundisha watu kukusukuma. Najua inavyouma kuomba, hasa kwa mtu aliyepigania kujitegemea. Lakini mlima mmoja ukisukumwa na mwanao, vifundo vyako vimeokoka mlima mmoja. Mfundishe kuinua magurudumu ya mbele kwa kukanyaga chuma cha nyuma anapokuta mfereji, kukushusha kinyumenyume penye mteremko mkali, na asikinyanyue kiti kwa kushika sehemu za kuegemeza mikono, kwa sababu kwenye viti vingi zinachomoka.