Warudishe na sindano

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linasema: "Santuri za bendi za zamani zinachapishwa upya na mashabiki wanashangilia. Je, wewe utanunua?" Mkatoa mfano wa Joy Division, wale vijana wa Manchester waliotoa albamu mbili tu za studio, Unknown Pleasures ya 1979 na Closer ya 1980, mwimbaji wao akafariki kabla ya ile ya pili kufika madukani. Miaka 40 baadaye zote mbili zimerudi, ya kwanza kwa plastiki nyekundu, ya pili kwa plastiki angavu isiyo na rangi. Nilisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikaudhika, na foleni yenyewe haikuwa ndefu.

Joy Division sina ugomvi nao. Mistari myeupe ya jalada la Unknown Pleasures inapita hapa Lubumbashi kila siku kwenye fulana za mitumba. Niliwahi kupanda pikipiki pale soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, si nchi, dereva ameivaa, nikamwuliza kile kifuani ni nini. Akasema milima. Kumbe ni mawimbi ya redio ya nyota, pulsar ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1967, lakini kwa kuwa alikuwa amenipunguzia nauli nilikubali kwamba ni milima.

Kilichoniudhi ni hilo neno "utanunua". Linamfaa mtu mwenye pikapu ya muziki inayozunguka, umeme wa uhakika jioni, na anwani ambayo kifurushi kinafika kikiwa kimefungwa bado. Watu hao Lubumbashi wapo, nawafahamu wawili watatu, na wote wana genereta. Sisi wengine mtatusamehe tukijibu swali la jirani yake: hizo santuri zinaporudi, zinarudi kwa nani?

Na mfano wangu hautoki Manchester. Mwaka 1983 ilitoka Brussels santuri iitwayo Noir et Blanc, ya nyumba ya santuri ya Crammed Discs. Ilitengenezwa na Hector Zazou, Mfaransa aliyezaliwa Algeria, pamoja na Bony Bikaye, mwimbaji wa Kongo, na vijana wawili wa sintesaiza, vinanda vya umeme vinavyounda sauti, waliojiita CY1. Ni ya kizazi kile kile kilichokuja baada ya panki, ule muziki wa magitaa ya fujo, wakati watu wa Ulaya walipokuwa wanajaribu kila kitu na kila mtu. Gitaa la rumba usilitafute humo. Kuna mashine zinazochemka na kugonga, na juu yake sauti ya mtu wa kwetu. Haikuuzwa sana. Ikawa na wapenzi wachache wakaidi, wakaitafuta kwa miaka, hadi 2017 nyumba ile ile ilipoichapisha tena kwa vinili, na nyimbo za ziada juu. Wapenzi wakashangilia, ndiyo. Mimi niliijua kabla yao wengi.

Tulikuwa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi. Kwenye parseli yetu, yaani kiwanja chetu, kulikuwa na nyumba ya nyuma, na humo alipanga mzee mmoja wa mkoa wa Kasai, mfanyakazi wa reli, tuliyemwita Papa Disiki. Katika santuri za wakubwa wa rumba alikuwa na Franco, alikuwa na Tabu Ley, na alikuwa na Docteur Nico kwa wingi kuliko wote kwa sababu Nico alikuwa mtu wa kwao. Jumapili baada ya misa alitoa pikapu kibarazani, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaifuta disiki kwa kipande cha flaneli ya mtoto, kila mara akifuata mzunguko wa mistari, kamwe si kukata katikati. Juu ya kichwa cha sindano alikuwa amebandika sarafu ya makuta 10 ili isirukeruke. Mtoto aliyekimbia karibu na kibaraza wakati sindano iko chini alikula kofi, awe wa kwake au wa mwingine, na hakuna mzazi aliyelalamika.

Mdogo wake alikuwa anasoma Ubelgiji. Siku moja akamtumia kifurushi kwa mkono wa msafiri, na ndani mlikuwa na Noir et Blanc. Papa Disiki aliamini kwamba kitu kilichotoka Brussels na chenye jina la Mkongo juu yake lazima kiwe rumba ya kisasa, basi akaalika watu. Wakaja. Bia ya Simba ikafunguliwa. Sindano ikashuka.

Shangazi yangu ndiye aliyesema wa kwanza. Aliuliza kama pikapu imeshika moto. Mwingine akasema hapana, hiyo ni genereta ya jirani, ngojeni izimwe muziki uanze. Wakangoja. Sauti ya mashine ikaendelea kububujika, Bikaye akaingia, na wageni wakatazamana. "Papa Disiki, toa, utaharibu sindano." Akakataa. Alikuwa mtu wa heshima, amealika watu, na disiki ilikuwa imevuka bahari. Akaicheza upande mzima amesimama, mikono nyuma, kama mkuu wa stesheni anayesubiri treni iliyochelewa.

Alipoinua sindano, mama mmoja akataka kujua imeandikwa nini pale. Nikapewa mimi nisome, nilikuwa nimeanza shule. Nikasoma majina ya nyimbo moja moja na nilipofika kwenye "Dju Ya Feza" kibaraza kizima kikacheka. Imeandikwa kwa herufi za Kibelgiji, lakini ni maneno ambayo mama zetu walikuwa wanayasema sokoni asubuhi ile ile. "Juu ya feza, kwa sababu ya pesa! Sasa huyu anatoka kwetu. Mrudishe, tumsikilize vizuri." Kwa hiyo sindano ikashuka tena, na safari hii watu walikuwa upande wa mwimbaji. Hawakuupenda muziki, sitawadanganya. Ila walikuwa wamepata mtu wao ndani ya ile kelele, na wakawa wanamfuata kumwona atatoka wapi.

Ndipo umeme ukakatika. Mwenye kuikumbuka pikapu anajua: haikatiki kama redio. Sauti ilishuka, ikawa nzito, ikaburuzika, ikafa. Watu wakaanza kuamka. Papa Disiki akasema kaeni. Akaweka kidole juu ya ile karatasi ya katikati na kuanza kuizungusha disiki kwa mkono. Kipaza sauti kimekufa, lakini sindano yenyewe, ukiinama, inaimba, nyembamba kabisa, ndani ya mifereji. Tuliinama wote juu ya kile kisanduku, watu wazima na watoto, vichwa vikigongana.

Shida ikawa mwendo. Santuri ya namna ile inataka mizunguko 33 na sehemu kwa dakika, maana yake kila mzunguko ni karibu sekunde mbili, pungufu kidogo, na usibadilishe. Papa Disiki mkono ulimchoka. Akatupa sisi. Mimi nilimfanya Bikaye kuwa mtoto mchanga. Binamu yangu akamfanya mlevi wa saa nane usiku. Tulifukuzwa mmoja mmoja hadi zamu ilipofika kwa dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kila siku ya Mungu, na mkono wake ulikuwa na saa ndani. Yule mwimbaji akarudi kuwa mtu mzima. Dada akazungusha upande wote hadi mwisho, uso wake hautazami disiki, unatazama ukuta. Papa Disiki akamlipa chupa ya Fanta. Tangu siku ile umeme ukikatika Jumapili, aliitwa yeye.

Nimeandika mengi kuhusu jioni moja, najua, na swali lenu bado liko palepale. Nifupishe yaliyobaki. Mwaka 1993 Wakasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, mkoa wetu huu. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, na wadogo waulize nyumbani, wasiulize mitandaoni. Papa Disiki aliuza vitu vyake kando ya barabara kabla ya kupata nafasi kwenye treni. Franco aliondoka asubuhi. Nico kabla ya saa sita. Pikapu ilikwenda mtaa wa Katuba kwa unga wa bukari, ugali wetu. Noir et Blanc haikupata mnunuzi hata wa kuuliza bei, akaiacha kwa mama yangu pamoja na mwiko na kigoda.

Mama aliipa kazi. Ndoo ya maji ya kunywa haikuwa na kifuniko, na disiki ilienea sawasawa. Tundu la katikati alilizibia kigunzi cha mahindi, kikawa kishikio pia. Ilidumu kwenye ndoo ile miaka, hadi mtu alipoiweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ikajikunja. Wakati huohuo kuna watu Ulaya walikuwa wanapekua maduka ya santuri kuukuu wakitafuta nakala ileile.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuandika kwamba huku kuchapisha upya ni biashara ya Wazungu na vumbi letu: wanachukua sauti, wanaiweka kwenye plastiki nzito, wanauziana wao kwa wao, na sisi tunaonyeshwa picha. Bado naamini nusu ya hilo. Lakini baada ya kuandika habari ya kigunzi naona nusu nyingine inanitoroka. Walioitunza tepu, ile rekodi ya kwanza ya studio, miaka 34 ni wao. Sisi tulipokuwa nayo mkononi hatukuitaka, hata kwa bure, na yule aliyeitaka tulimwona anapanda treni. Hilo siwezi kumdai Crammed Discs.

Halafu nafikiria kitu kinachonihusu zaidi. Mwaka 1952, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana wa gitaa, Mwenda Jean Bosco, na "Masanga" yake ikatoka kwenye santuri ya mizunguko 78 ya Gallotone, nyumba ya santuri ya Afrika Kusini. Ilipata tuzo. Mwenda akafika hadi tamasha la Newport, Marekani, 1969. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaokaa chumbani kujifunza vidole vyake viwili noti kwa noti. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwenyewe 1954, na baadhi yake zimekwisha kurudishwa kwa CD na nyumba ya Kiholanzi. Kutoka hapa hadi Likasi ni safari ya asubuhi moja. Nendeni mkaulize vijana wa magitaa kule, muone mangapi watawatajia.

Na kuna jambo mashabiki wa santuri hawalisemi sana. Tepu ya kwanza ikiwa imepotea au imeoza, wachapishaji hutafuta disiki yenyewe iliyobaki nzima, wanaichezesha, wanasafisha mikwaruzo kwa kompyuta, na hiyo ndiyo wanayochapisha. Maana yake zile santuri za mizunguko 78 zilizobaki chini ya vitanda vya Kamalondo na Kenya, kama zipo, ni zenyewe ndizo chanzo. Anayepita mlangoni kuzinunua kwa sanduku analijua hilo. Anayeuza, mara nyingi halijui, naye ana karo ya mtoto ya kulipa. Mimi siwezi kumwambia asiuze.

Basi mnataka jibu. Sitanunua. Bei ya kitu kama hiki ni chakula cha nyumba, ushuru wa uwanja wa ndege unategemea umemkuta nani zamu, na sina pikapu. Isipokuwa wakitoa Mwenda kwa vinili, familia yake ikipewa haki yake na kijitabu cha ndani kikiandikwa pia kwa Kiswahili alichoimbia, hapo nitanunua hata kama itakaa ukutani. Wakiweka nakala moja Musée National hapa mjini, pamoja na mashine inayofanya kazi na mtu wa kuifungulia watoto wa shule, nitachanga. Na Noir et Blanc, kwa kuwa mmeniuliza, nimekwisha kumwandikia dada yangu, yule wa zamu ya mkono, anayeishi Liège sasa, aniletee moja akija mwezi wa nane. Najua nimesema sitanunua. Yeye ndiye atakayenunua.

Amekubali, ila ameuliza sindano ya aina gani, na hapo ndipo nilipokwama. Pikapu niliyoonyeshwa Katuba juma lililopita haina jina, haina kichwa, mkanda wake umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Fundi anasema itapokea sindano yoyote ya Kijapani. Mimi simwamini, maana alisema hivyohivyo kuhusu chaja ya simu yangu. Msomaji yeyote wa Lubumbashi au Likasi mwenye mashine nzima anayejua sindano inapatikana wapi, aandike kupitia gazeti hili kabla ya mwezi wa saba, ili dada apate muda wa kutafuta.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi