Neno "more" na undugu wa kudhaniwa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana na video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Msemaji anadai "more" ni neno la Kilatini, "maior", lililoletwa Uingereza na Wanormani, na kwamba "much" na "more" ni neno moja lililogeuka kidogo. Amepanga maneno hayo kwenye ubao na kweli yanafanana. Ni sahihi? Halafu niwaambieje wale wanaoendelea kuandika "more better"?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Video hiyo na nyingine za namna yake hunifikia karibu kila wiki, na kosa ni lilelile: mtu anaweka maneno mawili ubavu kwa ubavu, anasikia yanalia sawa, basi anatangaza undugu.

Wanormani, wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, tuwatoe njiani mapema. Waliitwaa Uingereza mwaka 1066. Maandishi ya Kiingereza ya enzi za Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, tangu 871 hadi 899, tayari yana "māra", yaani "kubwa zaidi". Walilikuta neno limeshakaa.

Ila tarehe peke yake haimalizi kesi, maana Kilatini kilifika Uingereza mapema zaidi. Wamisionari kutoka Roma walitua Kent mwaka 597. Ushahidi mzito uko ndani ya neno lenyewe. Katika karne ya 4 Askofu Wulfila alitafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya ukoo mmoja na Kiingereza na Kijerumani. Nakala yake mashuhuri, ya karne ya 6, imeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya rangi ya zambarau, na imehifadhiwa Uppsala, Uswidi. Pale Yohana 14:28 tunaposoma "Baba ni mkuu kuliko mimi", Wagothi walisoma "maiza", kwa z. Baadaye, katika lugha nyingine za ukoo huo, z hiyo ikageuka r: Kijerumani "mehr", Kiingereza "more". Katika "most" sauti hiyo ya kale imebaki kama s mpaka leo. Sasa "maior" ya Kilatini ilikuwa na r karne nyingi kabla Wulfila hajazaliwa. Kama neno lingekopwa Roma, Wagothi wangelichukua na r yake.

Tuje kwenye kichwa cha neno. "Maior" ni wa nyumba moja na "magnus", na mzizi wake una g, ingawa katika "maior" haionekani tena. Wanaisimu Rasmus Rask mwaka 1818 na Jacob Grimm mwaka 1822 walionyesha kwamba Kilatini kinapokuwa na g, Kiingereza cha asili huwa na k: "genu" ni "knee", "granum" ni "corn", "ager" ni "acre". Kwa hiyo ndugu wa "magnus" katika Kiingereza lazima awe na k. Naye yupo, ni "mycel" ya Kiingereza cha kale, ambayo c yake ililainika ikawa "ch", l ikadondoka, tukapata "much". Umeona ilipotufikisha? Ndugu wa kweli wa "maior" ni "much", ambayo hata haifanani nayo. "More" ina mzizi mwingine kabisa. Kiingereza kimeifungisha ndoa mizizi miwili tofauti ikae nyumba moja, kama kilivyofanya kwa "good" na "better".

Kuna kipande kimoja cha haki nisichotaka kukificha. Mkia wa "maior" na mkia wa "more" unatokana na kiambishi kimoja cha kale sana cha kulinganisha, ambacho zamani kilikuwa na s. Kilatini kikaigeuza r kwa njia yake, na Kiingereza kwa njia yake. Mkiani kuna undugu, kichwani hakuna. Mtu anayesikiliza sauti kwa mbali hawezi kuligundua hilo. Atadhani vyote viwili ni ndugu.

Kuhusu "more better", usiwaambie wanafunzi kwamba hakuna Mwingereza aliyewahi kusema hivyo. Shakespeare mwenyewe ameandika "more better", na watu wa wakati wake hawakuona shida. Katika karne ya 18 ndipo wanasarufi walipoanza kuikaza kamba. Mmojawapo ni Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, ambaye sarufi yake ya mwaka 1762 inakataa kulinganisha mara mbili. Mwanafunzi anakatwa alama kwa sababu kanuni ya Kiingereza sanifu imekaa hivyo leo. Hiyo ni sababu ya kutosha, na ni ya kweli.

Wakitaka kitu kitamu zaidi, waonyeshe Hesabu 33:54 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mungu anapoagiza kabila lenye watu wengi lipewe urithi mkubwa. Imechapwa "to the moe ye shall give the more inheritance". Hapo "moe" na "more" ni maneno mawili: "moe", au "mo", lilikuwa la vitu vinavyohesabika, na "more" la ukubwa au kiasi. Matoleo ya sasa yanaandika "more" kote kuwili. Tofauti nzuri kama hiyo imekufa. Mimi naisikitikia.

Sasa niseme linaloniuma. Hawa wenye video, na wengine wanatoza ada kwa "kozi ya asili ya maneno", wamewafundisha vijana wetu kwamba kufanana ndiyo hoja. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea daftari zima la safu mbili, Kiingereza huku, Kiswahili kule, kuthibitisha kwamba lugha moja imeizaa nyingine. Alikuwa amefanya kazi kubwa usiku na mchana, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba lugha mbili zozote ukizipekua vya kutosha zitakupa daftari kama hilo. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, kilimwita mbwa "dog", bila kukopa Kiingereza. "Habere" ya Kilatini na "have" ya Kiingereza zina maana moja na karibu herufi zilezile, lakini si ndugu. Ndugu wa "have" ni "capere", kushika.

Kwa lugha zilizoachana zamani, kufanana mno ndiko kunakopaswa kukutia shaka. Ndugu wa kweli hutofautiana, na hutofautiana kwa utaratibu. Angalia Kiswahili na Kikuyu: sisi tunasema panda mbegu, wao "handa", sisi paka mafuta, wao "haka", sisi mpaka wa shamba, wao "mũhaka". P yetu ni h yao, neno baada ya neno. Huo ndio undugu, na unauona kwenye safu nzima. Jozi moja haitoshi kuuonyesha.

Hata mkopo una alama zake. Zidi, ziada na zaidi ni ukoo mmoja, lakini angalia unavyobadilika: irabu za ndani ndizo zinazocheza, z na d zimesimama palepale. Vitenzi vyetu vya Kibantu hunyambuliwa mwishoni: ongeza, ongezeka, ongezea. Kubadilika kwa ndani ni desturi ya Kiarabu, na huko ndiko tulikolichukua "zaidi". Msimamo huo hauhitaji kusikia kwamba neno fulani "linalia kama Kiarabu". Unaonekana kwa macho.

Kwa darasa lako, mwalimu, fanya hivi. Andika ubaoni panda, paka na mpaka, na mbele yake hayo matatu ya Kikuyu. Acha safu ya tatu wazi. Wanafunzi wanaozungumza Kiluguru nyumbani wakawaulize bibi na babu zao maneno ya vitendo hivyo na ya mpaka wa shamba, wayaandike jinsi wazee wanavyoyatamka, hata yale yasiyofanana na chochote. Hayo yasiyofanana wasiyafute. Nitumie safu hiyo ikijaa, nami nitakuandikia ninachokiona humo.