Hakubadilika ghafla

Kwenye ripoti ya asubuhi tumezoea kusema "mgonjwa alibadilika ghafla". Nimeyasema hayo mara nyingi, sasa nimeacha. Fungua faili, rudi nyuma saa sita au nane: mara nyingi mwili ulishapiga hodi, sisi ndio hatukuitikia.

Aliyenifundisha ni mama mmoja, siku ya tatu baada ya kuunganishwa utumbo. Nilikuwa zamu ya usiku, nesi peke yangu wodini. Saa tatu binti yake akanifuata mezani. "Dada, mama leo siyo yeye. Ananiita kwa jina la marehemu shangazi." Nikamwambia ni dawa ya maumivu, amwache alale. Fomu yake ilinituliza: upumuaji 20, 20, 20, tangu jana yake.

Hizo 20 ndizo zilipaswa kunishtua. Hakuna anayepumua vilevile kila anapopimwa. Hiyo ni namba ya aliyepita akatupia jicho kifuani akaandika (nami nimewahi kuiandika, tusidanganyane). Saa sita nilipokaa kando ya kitanda na kuhesabu dakika nzima, nikapata 34. Mapigo 128. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa haujaongezeka tangu jioni. Presha? 105 kwa 60, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mwili hubana mishipa, moyo unakimbizwa, presha inashikilia. Ikija kuachia, umeshachelewa.

Kwa hiyo ukiwa na haraka, usiruke pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Waingereza wana mfumo wa alama za tahadhari, walioutoa mwaka 2012: kupumua mara 25 au zaidi ni alama 3, kiwango cha juu kabisa kwa dalili moja. Walipoufanyia marekebisho mwaka 2017, kuchanganyikiwa kulikoanza karibuni nako kukapewa 3. Maana yake yule binti alinipa alama tatu kabla sijainuka kwenye kiti.

Kosa la pili lilikuwa simu. Nilimwambia daktari wa zamu, "Kuna mgonjwa hayuko vizuri, naomba uje." Akasema anakuja. Dakika ishirini, kimya. Simlaumu, wodini nani yuko vizuri? Nikapiga tena: "Mama wa kitanda cha saba, siku ya tatu ya upasuaji wa utumbo. Anapumua 34, mapigo 128, amechanganyikiwa tangu saa tatu, mkojo hautoki. Nadhani mshono wa ndani umeachia. Nakuhitaji sasa hivi." Alikuja akikimbia. Asingekuja, ningempigia mkubwa wake, hata kama angenuna wiki nzima.

Na unaposubiri usikae na simu mkononi. Pima oksijeni, ikiwa chini mwekee, pima sukari, tafuta mshipa wa pili wa dripu mapema, maana baadaye hutauona.

Siku hizi nikipokea zamu namuuliza ndugu aliyeko kando ya kitanda: "Ukimlinganisha na jana, unamwonaje?" Akisita kujibu, naanza na mgonjwa huyo.

Yule mama alirudishwa thieta kabla ya alfajiri, akakaa nasi wiki tatu zaidi, akaenda nyumbani. Binti yake tukikutana sokoni hunisalimia kwa furaha. Zile saa tatu hajawahi kunitajia, nami sijawahi kumtajia.