Chuo cha Marekani kinalazimika kukueleza haya: yaulize kabla hujasaini

Chuo chochote cha Marekani ambacho wanafunzi wake wanapata ruzuku au mikopo ya serikali ya shirikisho kimefungwa na sheria kuweka wazi mambo mengi: gharama halisi, wangapi wanahitimu, hela inarudishwaje ukiacha masomo, krediti (vipimo vya masomo uliyomaliza) za chuo kingine zinapokelewaje, usalama ukoje. Msingi wake ni Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, na mabadiliko ya 2008 yaliongeza mengi. Kila mwaka chuo kinatakiwa kumpelekea kila mwanafunzi tangazo linalotaja taarifa hizo na mahali pa kuzipata, na lazima kiwe na mtu wa kukusaidia kuzipata. Tangazo hilo huja kwa baruapepe ya chuo, ile ambayo wageni wengi hawaifungui mpaka wiki ya tatu.

Kwenye tovuti ya chuo, shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, au andika "Consumer Information" kwenye kisanduku cha kutafutia. Usipopata, iandikie ofisi ya msaada wa fedha uombe kiungo. Una haki ya kuomba nakala ya karatasi pia.

Kwanza, jua uko kundi gani. Mwenye Green Card, na mtu aliyepokelewa kama mkimbizi, wanaweza kuomba fedha za shirikisho kwa kujaza FAFSA. Fomu hiyo ni ya bure, na tovuti yake ni studentaid.gov. Anayekutoza hela ili akujazie anakuuzia kitu ambacho ofisi ya chuo inakusaidia bila malipo. Mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya masomo, hapati fedha hizo, lakini sera za kurudishiwa ada, za kuhamisha krediti na ripoti ya usalama zinamhusu sawasawa na mwenzake.

Kwa familia zetu za wahamiaji FAFSA hukwama zaidi kwenye majina. Jina na tarehe ya kuzaliwa hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security (hifadhi ya jamii), na hadhi ya uhamiaji hulinganishwa na kumbukumbu za idara ya usalama wa ndani. Kama kadi moja inasema Juma Hamisi Bakari na nyingine Hamisi Juma, mfumo unasimama. Waliosajiliwa na tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari kwenye kambi ya wakimbizi waitumie hiyohiyo kila mahali mpaka waibadilishe kisheria. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hakikisha namba ya A (namba yako ya uhamiaji) ni sahihi, na chuo kikiomba nakala ya Green Card au I-94 (rekodi ya kuingia nchini), ipeleke siku hiyohiyo. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti yake na kusaini sehemu yake ya fomu.

Sasa barua ya msaada wa fedha, ile ambayo chuo kinakutajia msaada utakaopewa. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu hakuna umbo moja linalolazimishwa kwa vyuo vyote. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2022 kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havikuonyesha bei halisi kwenye barua hizo au viliionyesha ndogo kuliko ilivyo. Chukua barua ya namna hii. Gharama ya mwaka mzima ni dola 27,400. Ruzuku ya Pell (ya serikali ya shirikisho kwa wenye kipato kidogo) 7,395, ruzuku ya chuo 4,000, mkopo wenye nafuu ya riba 3,500, mkopo usio na nafuu 2,000, kazi ya mwanafunzi 2,500. Chini wanaandika kwa herufi nene: jumla ya msaada 19,395, kilichobaki 8,005. Mzazi anaona elfu nane na kushukuru Mungu.

Hesabu ya kweli ni nyingine. Toa ruzuku peke yake, yaani 7,395 na 4,000, na bei yako ni dola 16,005. Mikopo ni hela yako ya kesho. Zile 2,500 za kazi hupewi mkononi: inabidi utafute kazi hiyo chuoni, uajiriwe, ufanye saa zako na ulipwe mshahara kidogokidogo, kwa hiyo haziwezi kulipa bili ya Agosti. Ukipata barua kutoka vyuo viwili, fanya hesabu hii kwa zote mbili kabla ya kuzilinganisha. Na hakikisha gharama ya mwaka iliyoandikwa inajumuisha chakula, nyumba, vitabu na usafiri, kwa sababu sheria inataka chuo kikadirie vitu hivyo vyote, wala si ada tu. Hizo za nyumba na chakula ni makadirio. Kama kodi ya mtaa unaoishi ni kubwa kuliko makadirio, omba ofisi ikutazamie upya, na uwe na mkataba wa pango mkononi.

Kabla hujaomba nafasi, tumia kikokotoo cha bei ambacho kila chuo kinachohusika kimelazimika kuwa nacho kwenye tovuti yake tangu Oktoba 2011. Kinakupa makadirio ya bei baada ya ruzuku kwa familia yenye kipato kama chako. Kimetengenezwa kwa anayeanza chuo mara ya kwanza, wa muda wote, anayestahili fedha za shirikisho. Mwanafunzi wa F-1 akikitumia atapata namba itakayomdanganya. Yeye aangalie makadirio yaliyo kwenye I-20, fomu anayopewa na chuo kwa ajili ya viza.

Kuhusu mikopo: kupewa 5,500 hakukulazimishi kuchukua 5,500. Unaweza kukubali ule wenye nafuu ya riba tu, ambao serikali inabeba riba yake ukiwa shuleni angalau nusu ya muda, ukaukataa mwingine, au ukachukua 1,000 tu. Ule usio na nafuu huanza kuzaa riba siku hela inapotoka. Ukiona umechukua nyingi, zirudishe ndani ya siku 120 tangu zilipotolewa, na sehemu uliyorudisha haitakuwa na riba wala makato. Mikopo ya benki binafsi iwe mwisho kabisa. Hata kwa mikopo hiyo, sheria inakupa siku 30 za kufikiri baada ya kukubaliwa, na siku 3 za kazi za kughairi kabla hela haijatoka. Anayekusukuma usaini leo anakunyima siku zako.

Ada ikishakatwa na hela ikabaki, ile ambayo wanafunzi wa Tanzania wangeiita bumu, chuo kina siku 14 za kukulipa tangu salio litokee. Kama unastahili Pell na salio hilo lipo, chuo kinatakiwa kiwe na njia ya kukuwezesha kupata vitabu kufikia siku ya saba ya muhula. Uliza njia hiyo ni ipi. Mara nyingi ni vocha ya duka la vitabu, na ina tarehe ya kuisha. Wakati wa kujiandikisha kozi, ratiba inatakiwa kuonyesha namba ya ISBN na bei ya kila kitabu, ili uweze kutafuta kilichotumika au cha kukodi. Kama chuo kinaingiza vitabu kwenye bili moja kwa moja, uliza tarehe ya mwisho ya kujitoa.

Kuacha masomo katikati ya muhula ndiko kunakozaa madeni ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kuna sera mbili tofauti na zote zinapaswa kuwa wazi: sera ya chuo ya kurudisha ada, na kanuni ya serikali ya kurudisha msaada. Ya chuo kwa kawaida hushuka haraka, na ikifika wiki ya tano au ya sita hurudishiwi hata senti. Ya serikali inasema unachuma msaada wako siku kwa siku mpaka upite asilimia 60 ya muhula.

Tuseme muhula una siku 105. Ulipewa Pell 3,500 na mikopo 2,500, jumla 6,000. Chuo kilikata ada 5,000 na kukupa 1,000 mkononi. Unaacha siku ya 42. Umechuma asilimia 40, yaani 2,400, na 3,600 hukuzichuma. Chuo kinarudisha serikalini kiasi kidogo kati ya hizo 3,600 na asilimia 60 ya ada yake, ambayo ni 3,000. Kwa hiyo kinarudisha 3,000: kwanza mikopo yote 2,500, halafu 500 za Pell. Kwenye vitabu vya chuo, ada yako ya 5,000 sasa imelipwa 2,000 tu, na bili ya 3,000 inakuja nyumbani. Mkopo ambao ungeulipa taratibu, kuanzia miezi sita baada ya kuacha shule, umegeuka deni la chuo linalotakiwa sasa hivi, na mara nyingi hutaruhusiwa kujiandikisha tena kabla ya kulimaliza. Kwa muhula huo, anayeacha siku ya 64 au baadaye amechuma msaada wake wote.

Kwa hiyo kabla ya kuacha, nenda ofisi ya msaada wa fedha uwaambie wakupigie hesabu hiyo kwa tarehe mbili tofauti. Pengine kusubiri siku kumi kutakuokoa maelfu. Ukipotea tu bila taarifa ukapata F kila somo, chuo kinaweza kuhesabu kwamba uliondoka katikati ya muhula. Kuacha somo moja na kubaki na mengine hakuleti hesabu hii, ila kunaweza kupunguza Pell na kugusa kipimo cha maendeleo ya masomo, ambacho lazima ukifikie ili uendelee kupata msaada.

Kipimo hicho nacho ni taarifa ya lazima. Vyuo vingi hutaka wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0 na kufaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na usizidi asilimia 150 ya urefu wa programu: digrii ya krediti 120 mwisho wake ni krediti 180. Somo uliloliacha likaandikwa W linahesabika kuwa umejaribu. Umejiandikisha krediti 24, umefaulu 15: hiyo ni asilimia 62.5, na msaada unaweza kusimama. Vyuo vingi vina nafasi ya rufaa kwa ugonjwa, msiba au jambo zito jingine. Peleka ushahidi, na ueleze kilichobadilika ili lisijirudie.

Kiwango cha kuhitimu kisomwe kwa makini. Namba inayotangazwa huhesabu walioanza chuo mara ya kwanza wakiwa wa muda wote, ndani ya asilimia 150 ya muda: miaka 6 kwa digrii ya miaka 4, miaka 3 kwa ya miaka 2. Wewe unayefanya kazi usiku na kuchukua masomo mawili tu, kwenye namba hiyo huhesabiwi. Fungua tovuti ya serikali ya College Navigator, tafuta chuo, uangalie kipengele cha matokeo kinachotenga wanafunzi wa muda nusu na waliohamia, mpaka miaka 8. Angalia pia kiwango cha kuhitimu cha wenye Pell peke yao. Kama kiko chini sana ya wengine, uliza chuo kina msaada gani wa masomo, na usikubali jibu la jumlajumla.

Wanaokwenda uuguzi, ualimu na kazi nyingine za leseni waulize swali moja kwa maandishi: programu hii inakidhi masharti ya leseni katika jimbo ninaloishi, na katika jimbo ninalotarajia kuhamia? Chuo kinatakiwa kueleza hilo. Watu wetu wanahama sana kufuata ndugu, na cheti kinachokubalika Ohio kinaweza kudai nyongeza mahali pengine. Bodi za uuguzi za majimbo mengi huchapisha pia kiwango cha kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, kwa kila shule. Kisome kabla ya kulipa hela ya kushikilia nafasi.

Sera ya kuhamisha krediti lazima iwekwe wazi, pamoja na orodha ya vyuo vyenye makubaliano na chuo hicho. Anayeanza chuo cha jamii (community college) akilenga kuhamia chuo kikuu ashike orodha hiyo toka siku ya kwanza. Uthibitisho wa ubora nao utazamwe, na jina la taasisi inayouthibitisha. Mshauri wa usajili akikuambia kwa mdomo kwamba krediti zako zitapokelewa popote, muombe aandike.

Ripoti ya usalama hutoka kila mwaka ifikapo 1 Oktoba, ikiwa na takwimu za miaka mitatu, na mabweni ya chuo yana takwimu zake za moto. Kumbuka tu kwamba fleti za kupanga nje ya eneo la chuo kwa kawaida hazimo.

Wazazi nao wajue kwamba mtoto akishaingia chuo, haki ya rekodi zake ni yake mwenyewe, hata akiwa na miaka 17 na ada ukilipa wewe. Ofisi ikikataa kukuonyesha matokeo, inafuata sheria ya 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Mtoto anaweza kusaini fomu ya ruhusa kwa msajili.

Chuo kikikukatalia taarifa, au ukikuta kilichotendeka ni tofauti na kilichoandikwa, anza kwa barua kwa ofisi husika yenye tarehe. Isipojibiwa, chuo kinalazimika kukupa anwani za kulalamikia kwenye mamlaka ya jimbo na kwa taasisi inayothibitisha ubora wake. Ambatanisha picha za kurasa za tovuti zenye tarehe, ulizozihifadhi siku uliposaini, kwa maana kurasa hubadilishwa kila mwaka wa masomo na ya zamani huwezi kuipata tena kirahisi.